Mombasa Nilivyoiona Nikiwa Gahanga

Ijumaa, 3 Agosti 1990

Nimeposa! Na sijakataliwa!

Ilikuwa hivi. Mchana hapakuwa na kichwa cha kunyoa, nikafunga kibanda, nikavuka barabara hadi mgahawani kwa Spéciose. Alikuwa anapepeta mchele. Nikasema yote kwa pumzi moja, kabla miguu haijanirudisha nilikotoka. Hakucheka. Alisema atafikiri. Mwanamke akisema atafikiri ameshakubali nusu, hilo kila kinyozi wa mtaa huu wa Nyamirambo analijua.

Basi si ndipo akaingia Silvère! Fundi saa, jirani yangu, naye anamtaka Spéciose tangu Pasaka. Akasema mbele ya wateja kwamba mtu kama mimi, aliyezaliwa Bujumbura akahamia Kigali, hajaenda popote, kabadilisha kilima tu. Yeye ameshafika Dar es Salaam. Na kweli alifika, alisindikiza mizigo ya mjomba wake miaka hiyo, nasi tunaisikia Dar hiyo kila akifungua kinywa.

Mdomo wangu ukajisemea wenyewe. Nikasema Jumatatu naenda Mombasa.

Spéciose akaweka ungo chini. Akasema tangu utoto anatamani kujua watu wanakula wapi Mombasa, na mgeni anaanza kuona nini. Akasema nikirudi nimwambie yote, naye atanipa jibu langu.

Sasa inabidi niende Mombasa. Iko wapi hasa?

Jumapili, 5 Agosti

Mungu si Athumani wala si Silvère. Yule dereva Zephaniah, anayepeleka kahawa Mombasa kwa lori, amekubali kunichukua bure. Yeye ni mteja wangu, namnyoa ndevu. Akaniuliza kama nina karatasi. Nikamwambia nina kila kitu.

Baada ya misa wamenifanyia karamu mgahawani. Brosheti, yaani mishikaki ya mbuzi, ndizi za kuchoma, bia ya Primus. Karangwa mwenye duka alisimama akatoa hotuba, akasema Nyamirambo nzima inasafiri ndani ya suruali yangu. Nikalia kidogo. Silvère alipiga makofi kwa vidole viwili tu.

Kila mtu ananiagiza kitu. Spéciose peke yake hakuagiza kanga wala halua. Anataka chupa ya maji ya bahari. Amesikia yana chumvi na haamini. Amenifungia mayai ya kuchemsha na chapati za njiani, kisha akanishika mkono muda mrefu kuliko ilivyo lazima. Ayii! Sijaunawa mpaka sasa.

Jumatatu, 6 Agosti

Aibu. Aibu! Aibu!

Gikondo, yanakolala malori, alfajiri, lori linanguruma. Zephaniah akataka kuona karatasi. Nikampa kadi yangu ya ubatizo. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaniuliza nyingine iko wapi. Nikamwambia hiyo ina jina langu, Révérien, na la baba, la mama na la padri, askari wa mpakani anataka nini zaidi? Alicheka mpaka akaegemea honi. Akanishusha kwa upole, akanipa pole, akaondoka na kahawa yake.

Kurudi siwezi. Jana wote wamenipungia leso. Karangwa alitoa hotuba!

Nimewaza haraka, nikachukua njia ya Gahanga kwa miguu. Shangazi yangu Mukasine aliolewa huko, ana shamba, na barabara ile inakwenda Bugesera, haiendi Mombasa. Hakuna mtu wa Nyamirambo atakayenitafuta huko. Nimekula mayai yote kabla ya kufika Kicukiro.

Jumatano, 8 Agosti

Shangazi hakuuliza maswali. Alinipa jembe. Nimelima viazi vitamu bondeni siku nzima, kiuno si changu tena. Nilimweleza kwamba mimi rasmi niko Mombasa. Akasema sawa mwanangu, basi ukimaliza tuta hilo uhamie lile.

Lakini kichwa kinafanya kazi. Mombasa ni mji ulio kando ya maji. Bujumbura ni mji ulio kando ya maji. Mimi nimekulia huko, mtaa wa Buyenzi, ziwa nalijua kama kiganja changu. Kwa hiyo Mombasa ni Bujumbura ukiongeza chumvi. Shida imekwisha! Naanza kupanga: nilikula wapi, nililala wapi, niliona nini kwanza.

Ijumaa, 10 Agosti

Nusura nife leo.

Nilikuwa napalilia migomba, nikasikia sauti kwenye kitalu cha mboga. Sauti ile ile! Spéciose! Amekuja kununua sombe, yaani majani ya muhogo, na ndizi za mgahawa. Nani angejua kwamba ananunua kwa shangazi yangu? Nikajirusha kwenye zizi la ng'ombe nikalala kifudifudi nyuma ya ndama. Ndama akanilamba kisogo mpaka mwisho.

Walizungumza muda mrefu. Walicheka sana. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Spéciose alipoondoka nilitoka mbio nikamuuliza shangazi kama amesema lolote. Akaapa walikuwa wanacheka habari za mbegu. Shangazi ni mtu wa kuaminika, namshukuru Mungu kwa hilo.

Kisha bahati nyingine: Spéciose alimwachia shangazi kifurushi cha sambusa, akisema labda hapa nyumbani kuna mtu mwenye njaa. Roho nzuri namna gani! Hata hajui kwamba mwenye njaa huyo ni mimi. Nilikula nikimfikiria. Nampenda. Naandika waziwazi kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka: nampenda, na nikimkosa sitanyoa mtu vizuri tena.

Jumapili, 12 Agosti

Nimetengeneza bahari.

Jaribio la kwanza: maji ya chemchemi na chumvi ya jikoni. Shangazi akaninyang'anya kopo, akasema chumvi yake si ya michezo. Jaribio la pili: chumvi ya mawe anayolamba ng'ombe. Nikaiponda, nikaikoroga. Imetoka rangi ya majivu. Nadhani ndivyo bahari ilivyo. Nimeonja. Bado kidogo. Nimeongeza. Nimeonja tena, na mchana wote nimeshinda nyuma ya nyumba na tumbo langu.

Ng'ombe wamenifuata kila nilipokwenda na chupa.

Jumatano, 15 Agosti

Sikukuu ya Maria kupalizwa mbinguni, nami nimepaa pamoja naye. Nimerudi!

Nilijipaka vumbi la barabara kwa mikono yangu, nikaingia mgahawani nikichechemea kwa uchovu. Vifijo! Karangwa alinikumbatia. Silvère akasema nimekuwa mweusi. Nikamwambia jua la pwani halina adabu. Kweli jua limenichoma, ila ni lile la bondeni kwenye viazi.

Nikamkabidhi Spéciose chupa yake. Akamimina kidogo kwenye kijiko, akaonja. Akafumba macho. Watu wote wakangoja. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba bahari hii ameipenda, ila ina harufu kidogo ya zizi. Nikaeleza haraka kwamba siku ile mawimbi yalikuwa makali na yalikoroga kila kitu. Akaitikia kwa kichwa. Anaelewa mambo upesi, mwanamke huyu.

Nikamwomba jibu langu. Akasema kwanza anataka kuisikia Mombasa yote, jioni baada ya jioni, hana haraka.

Ijumaa, 17 Agosti

Mgahawa umejaa mpaka watu wamekaa juu ya kreti. Wote wanataka Mombasa. Spéciose ameongeza sufuria ya mchele na ananisogezea nyama kila nikikohoa.

Nimewaeleza mgeni aanzie wapi. Aanzie sokoni, ale samaki wa kuchoma na ndizi, anawe, ashuke majini. Kuhusu samaki nilisema ni mukeke, yule wa ziwa letu la Bujumbura, maana ndiye ninayemjua. Karangwa akashangaa mukeke amefikaje Mombasa. Nikamwambia samaki hana mpaka, hana karatasi. Watu walicheka. Nikaona mambo yananinyookea, nikawaongezea viboko. Viboko baharini, jioni, wanapanda kula nyasi za hoteli. Akina mama wakashika vifua.

Silvère alikuwa anangoja. Akaweka glasi chini taratibu kama anavyoweka vioo vya saa. Akaniuliza hivi: yale maji yalipoondoka, ulitembea juu ya mchanga?

Maji yaondoke? Yaende wapi? Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Nikawaambia watu: mwaona Dar ilivyomfanya huyu? Mimi nimezaliwa kando ya maji, maji hayajawahi kuamka asubuhi yakaondoka. Bahari ina nyumba nyingine? Mgahawa mzima ukapasuka kicheko. Silvère akanyanyuka akaenda zake bila kumaliza brosheti yake. Niliimaliza mimi.

Ushindi! Nimeona Spéciose naye akicheka, kaficha uso kwenye kanga.

Jumatatu, 20 Agosti



Jioni, katikati ya hadithi ya viboko, mlango ukafunguka. Zephaniah! Amerudi Kigali leo, anataka chakula. Silvère alikuwa nyuma yake, ndiye aliyekwenda kumchukua Gikondo. Mtu ana chuki mpaka anapanda kilima!

Silvère hakupoteza muda. Akamuuliza dereva mbele ya wote: maji ya Mombasa huondoka? Zephaniah akasema huondoka, ndiyo, hupwa na kujaa kila siku, hata vyombo hubaki vimekaa juu ya mchanga vikingoja, mtoto wa pale anajua. Kisha akaniona mimi. Akafungua kinywa. Nikaona maisha yangu yote, tangu ubatizo.

Kabla hajasema neno, Spéciose akamwekea sahani ya mbuzi chini ya pua, akamwambia ale kwanza, habari baadaye. Kisha akawageukia watu. Akasema Révérien maji hakuyaona yakiondoka kwa sababu alikuwa anakula tu kutwa nzima, nyote mnamjua. Wakacheka. Karangwa akasema hilo analiamini. Silvère akapiga kelele kwamba muulizeni dereva, muulizeni! Lakini Zephaniah anayaheshimu mapishi ya Spéciose kuliko ukweli. Aliinama akala.

Spéciose akaniita jikoni. Akafunga mlango.

Akaniambia alinijua Gahanga tangu siku ile. Miguu yangu ilikuwa imetokeza nyuma ya ndama, na viatu vile ni yeye aliyenisindikiza kuvinunua. Shangazi alimweleza yote! Hata habari ya kadi ya ubatizo! Mbegu, aliniambia! Nikamuuliza Spéciose kwa nini basi alinyamaza jioni zote hizo. Akasema kwanza biashara haijawahi kwenda vizuri hivi. Pili alikuwa anapenda kunisikia. La tatu hakulisema upesi. Alikoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa. Kisha akasema wanaume wengine walimdanganya ili waende mbali naye. Mimi ni wa kwanza kudanganya halafu nikaenda kulima viazi umbali wa mwendo wa miguu, nikanywa maji ya chumvi ya ng'ombe kwa ajili yake.

Nililia. Siyo kidogo. Nilimwomba msamaha nikiwa nimeshika karai la vitunguu, na naapa vitunguu havikuhusika.

Jibu langu: NDIYO! Ila kwa sharti moja. Asinisikie tena nikisema nimefika mahali ambapo sijafika. Siku hiyo atamchukua Silvère, saa zake zote na Dar yake. Hakuwa anatania, nilimtazama machoni. Nikaapa kwa jina la mama yangu. Nimebadilika. Nahisi kabisa mwili mzima umebadilika.

Jumapili, 26 Agosti

Siku kubwa. Mjomba wake Spéciose, mzee Arnaud, amekuja kutoka Bujumbura kuniangalia. Ndiye anayesimama mahali pa baba yake. Akikataa, hakuna harusi.

Nilimnyoa kwanza, kwa heshima. Nikamkaribisha mgahawani. Alinitazama viatu, alinitazama mikono. Nikamuuliza habari za safari. Hapo ndipo uso wake ukafunguka kidogo. Akasema Alhamisi anaendelea hadi Dar es Salaam kupokea mizigo, ni mara yake ya kwanza, naye anaogopa. Mtu mzima, hajui ale wapi, alale wapi, aone nini. Akaniuliza kama najua mtu.

Nilikumbuka kiapo. Nilikikumbuka vizuri sana, neno kwa neno, ndiyo maana niligundua. Spéciose alisema nisiseme nimefika. Hakusema nisielekeze!

Sikutamka popote kwamba nimefika Dar. Hata mara moja! Nilisema tu mgeni wa Dar asubuhi ale maharage na mkate karibu na stesheni, aepuke hoteli za mbele, akae zile za nyuma, maana mawimbi ya Dar hupiga kelele mno. Nilimwonya kwamba maji huondoka, asishtuke, yatarudi. Kuhusu viboko nilipunguza, nikamwachia wawili. Mzee Arnaud alinisikiliza kwa masikio yote mawili. Mwishowe alinishika bega, macho yamemlowa, akasema Mungu amempa mkwe mwenye dunia kichwani. Ananikubali. Na Alhamisi tunaondoka pamoja, mimi ndiye kiongozi wake. Akaniuliza kama karatasi zangu ziko tayari. Nikasema tayari kabisa.

Spéciose ametoka jikoni na sahani, akauliza mbona nimekaa wima namna hii, kuna habari gani. Nikamwambia mjomba wake amenikubali. Na hilo ni kweli tupu.