Nani Alimutuma Huyu Muteja?

Muheshimiwa mwakilishi wa bakubwa, ambaye hakufika lakini kiti chake kimefika. Ba-chefs ba quartier. Ba-padiri na ba-pasta mulioketi pamoja kwa sababu ya kivuli. Ba-commissionnaire ba Kasindi mulioacha malori ku mupaka. Balimaji ba Kalunguta. Bamama ba Kimemi. Na miye mwenyewe, Apollinaire Kahongya, Coordonnateur Principal wa Programme Tuma Muteja: jambo kwenu wote! (Makofi. Ba-commissionnaire banapiga filimbi.)

Miye nilienda séminaire Kampala juu yenu, nikalala mu hoteli ya mashuka magumu sana, ili nirudi na maarifa haya: mutu akituma muteja, lazima ijulikane ni yeye alimutuma, ili alipwe commission yake. Namna gani? Ya kwanza ni kuki. Muteja anafinya lien yako, ile anwani ya duka unamutumia mu téléphone, site inaweka kialama kidogo mu téléphone yake, na hata akinunua kisha wiki moja, kialama kinasema, huyu alitumwa na fulani. (Aaah!) Mais akifuta kialama, ao akinunua na téléphone ya shemeji, jina lako linapotea. Donc tumepanga, au niveau stratégique, njia ya pili, bila kuki: lien inabeba numéro yako, serveur ya duka inaichunga, na muteja akilipa, serveur yenyewe inatupasha habari. Ao tena muteja anaandika code yako wakati wa kulipa. Matokeo ni asilimia mia moja na mbili, na ile mbili ni juhudi yangu binafsi. (Makofi marefu upande wa familia yake.)

Naona Mama Emérence, muuzaji wa vitenge, anasimama. Keti, mama, maulizo ni kisha bia. Hapana? Bon, sema. (Mama Emérence anaeleza kwamba tangu Pasaka ametuma lien kwa kwaya nzima na kwa ndugu za Beni, batu bameenda kununua kweli, na commission ile ndiyo alitegemea kulipa minerval, feza ya masomo ya Keren, binti yake. "Donc bateja nilituma, ni nani anabahesabu?" Minong'ono.)

Ulizo la akili sana, mama, linaonyesha programme imeshuka mpaka ku musingi. Tuseme pamoja: Tuma muteja! (Tuma!) Kuki ao bila kuki! (Mbele!)

Namaliza kwa shukrani. Wasingya kwenu mulioamini lien hata kama site haiko, serveur haiko, na lien yenyewe inafungua tu foto ya magazini, duka la bibi yangu, mama ya batoto bangu. Na wasingya kwa bibi yangu, anayepokea bateja benu kwa mukono, na juu ya kila mumoja anaandika kwa uaminifu: ametumwa na Apollinaire.

(Makofi hapana. Mama Emérence ametoa téléphone, anaandikia kwaya.)