Siku Nilipoufunga Mdomo kwa Ajili ya Taifa

Jongeeni, enyi wa barazani na wa madirishani, vuteni vigoda, na wenye masufuria motoni yateremsheni. Kwa maana nawasimulia vita vilivyopiganwa katika ukumbi wa shule ya msingi, baina yangu mimi, Mjua-Yote wa Mtaa, na ulimi wangu mwenyewe.

Asubuhi ile nilitoka, kalamu nimeichomeka kiunoni kama jambia, kwenda kufunzwa ukarani wa sensa, kazi ya wiki tatu yenye kiapo cha kutunza siri, niliyoitangaza kana kwamba nimetawazwa. Shangazi alinisimamia mlangoni na chupa ya chai.

"Nakuwekea hii," akanena. "Utarudi haijapoa. Wewe na siri wapi na wapi?"

Ukumbini tuliketishwa, jeshi la watu sitini, kwenye viti vya darasa la pili, magoti yakikaribia masikio. Mkufunzi, jemadari mwenye miwani, akatugawa wawili wawili: mmoja karani, mwingine mkuu wa kaya. Nikapewa Fundi Cherehani, jirani yangu wa ukuta mmoja. Nikacheka kicheko cha mshindi. Adui nimjuaye mpaka rangi ya mashuka yake! Kabla mama wa watu hajakaa vizuri, nilikwisha kulijaza dodoso lote: watoto wanne, choo cha nje, miaka hamsini na miwili, mume yupo lakini ni kama hayupo.

Jemadari akaisoma karatasi kama asomaye hukumu. "Umemuuliza?"

"Mwalimu, mbona haya mtaa mzima unayajua?"

Ukumbi ukalipuka. Fundi akanigeukia. "Kumbe ndiyo kazi yenu pale kibarazani! Na huyo mume, humuoni wewe au simuoni mimi?"

"Karani huuliza, huandika alichoambiwa, hunyamaza," akatamka jemadari. "Una nafasi moja. Ukishindwa, mlango ule pale."

Ewe ulimi, farasi usiyejua lijamu, siku yako ilikuwa imefika! Nikauliza jina nilijualo. Nikauliza idadi ya watoto niliowabeba mgongoni. Kisha likaja swali la umri.

Fundi akanitazama bila kupepesa. "Thelathini na tisa."

Thelathini na tisa! Naye tulianza darasa la kwanza siku moja, dawati moja, na mimi hamsini na miwili nimeshaitimiza! Ulimi ukayapiga meno kama beberu apigaye mlango wa zizi. Pumzi ya jemadari ilikuwa shingoni mwangu. Fundi akangoja, tabasamu pembeni.

Nikaandika: 39.

"Ahsante, mkuu wa kaya."

Jemadari akatia alama ya vema, ndogo kama kunguni, nami nikaiona kubwa kama bendera.

Jioni nilikuta nyumba imejaa: Shangazi, mawifi wawili, majirani wasio na idadi, na chai imepoa.

"Enhe," akasema Shangazi, akisogeza kiti. "Nasikia ulikaa na Fundi. Kasema ana miaka mingapi?"

Macho yote kwangu. Maisha yangu yote nilikuwa nikiungojea umati kama ule.

"Shangazi, hiyo ni siri ya sensa."

Wifi mkubwa akanigusa paji la uso. "Huyu anaumwa."

Na nyuma ya ukuta, cherehani iliyokuwa imenyamaza ikitusikiliza ikaanza tena kuunguruma.

Basi wekeni kumbukumbu, enyi waandishi wa zama: siku hiyo nilijua jambo na sikulisema. Na haya niliyowaambia ninyi yaishie hapa hapa.