Wazee Watatu na Kompyuta Moja

Jumatatu, Agosti 4, 2025

Siku ya kwanza ya likizo. Shajara hii naiandika kwa Kiswahili. Ayeyo, bibi yangu, hasomi kabisa, na ripoti ya Idil ya Kiswahili inasema hajafikia matarajio, kwa hiyo siri zangu ziko salama. Idil ni mdogo wangu, ana miaka kumi na miwili, na kazi yake duniani ni kumpelekea Hooyo, mama yetu, habari.

Leo kuna habari kubwa. Abti Abdilatif, kaka yake Hooyo, ni fundi wa kompyuta Eastleigh, Nairobi. Ameunda kompyuta ya michezo, yenye nguvu, kwa vipuri alivyokusanya mwenyewe, na anasema ni yangu. Zawadi, kwa sababu mwaka huu nimehifadhi juzuu kumi. Sharti moja tu: wazazi wakubali wenyewe kabla ya Jumapili. Wakikataa, anampa mtoto wa rafiki yake. Mtoto huyo simjui lakini simpendi.

Naitaka kwa ajili ya Hani. Hani na mimi tulikuwa majirani tangu tuna meno ya utoto. Mwezi wa tano kwao wakahamia Nairobi. Sasa kila jioni anajenga mji ndani ya mchezo wa kompyuta pamoja na wasichana wa huko, na amenitengea kiwanja. Kila wiki ananiuliza nitakuja lini. Kila wiki anauliza kwa adabu zaidi. Rafiki yako wa damu akianza kuwa na adabu, jua unampoteza.

Mpango wa kwanza: masomo. Baada ya chakula cha mchana nikatangaza kwamba kidato cha tatu hakiwezekani bila kompyuta, hasa Kemia. Hooyo akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kwa nini kompyuta ya Kemia inawaka taa nyekundu na kijani kama duka la simu. Idil alikuwa ameshamwonyesha picha. Aabo, baba yangu, akasema yeye alisoma Kemia kwa taa ya mafuta. Alipata ngapi, hakusema.

Jumanne, Agosti 5

Hofu yote ya Hooyo inatoka nyumba ya pili. Kule yuko Kadar, kidato cha nne, mwenye kompyuta tangu mwaka jana. Hooyo anasema macho yake yameingia ndani, salamu anaijibu baada ya dakika nzima, na mama yake humwachia chakula mlangoni.

Basi nikaona nimlete Kadar mwenyewe, aonekane ni mzima. Akakubali kwa masharti: nimwandikie insha yake ya likizo. Sawa.

Asubuhi akaja. Kanzu imepigwa pasi, nywele zimechanwa. Akamwambia Hooyo kwamba michezo imemfundisha subira. Hooyo akamwongezea anjera. Nikaanza kuona meza ya kompyuta yangu itakaa wapi.

Aabo akamuuliza kama amelala vizuri. Swali la kawaida kabisa. Huyu mpumbavu akajibu kwamba hajalala bado, kwa sababu jana alikufa mara kumi na moja na hakuweza kuondoka bila kulipiza kisasi. Hooyo akaiweka chini birika. Kadar, badala ya kunyamaza, akaeleza kwamba anayemuua ni mwanamume mmoja wa Uturuki ambaye anazungumza naye sana. Kisha akasinzia, paji la uso juu ya kifuniko cha sukari.

Insha bado nadaiwa. Mada: umuhimu wa amani.

Jumatano, Agosti 6

Mpango wa tatu: tabia njema. Siwezi kushindwa na tabia njema.

Niliamka kabla ya adhana. Nikamsubiri mwenye mkokoteni wa punda, nikajaza mapipa yote ya maji. Nikapiga pasi mashati ya Aabo na koti lake la kazi, ambalo hata lifuliwe vipi linanuka ngamia, maana Aabo ni daktari wa mifugo. Nikamchemshia Ayeyo chai ya maziwa. Nikamwachia Idil kiti cha karibu na feni bila kumfinya.

Kufika adhuhuri Hooyo akaniita chumbani. Akanishika paji la uso. Akaniuliza nimevunja nini. Hakuna. Akaniuliza nimefeli nini. Hakuna. Akafunga mlango, akaniuliza kama kuna mvulana. Nikamwambia wallahi hakuna. Nikaongeza tabasamu, ili aone nilivyo mwema.

Tabasamu halikusaidia. Jioni niliwaona yeye na Aabo wakinong'ona karibu na geti, wakinitazama kama kifurushi ambacho hakikuagizwa.

Nikaenda kukaa na Ayeyo Osob. Ni mama yake Aabo, amekuja kutoka Sangailu kutibiwa macho. Haoni vizuri lakini hakuna asichokisikia. Akaniambia kosa langu ni moja, najiombea mwenyewe. Tangu lini jambo zito likaletwa na mwenyewe? Jambo zito hutumiwa watu. Baba yake alipotaka haki ya kunywesha kwenye kisima cha watu, hakwenda yeye, alituma wazee. Baada ya kusema hayo akalala.

Mimi sikulala. Wazee!

Alhamisi, Agosti 7

Nimekwenda kwa Awoowe Dayib, babu wa heshima wa mtaa wetu. Ndevu za hina, fimbo, sauti ya redio. Zamani alikuwa dalali wa ngamia huko Griftu, na kuna watu wanaoishi leo kwa sababu yeye aliwapatanisha juu ya visima. Nilimkuta baada ya alasiri nje ya duka la mwanawe.

Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Akauliza mawili tu. Kitu hicho ni halali? Nikasema ni kujenga mji na rafiki yangu. Na baba yako, amekataa kwa kiapo? Nikasema bila kiapo. Akafumbua macho, akasema basi mlango uko wazi. Atakuja kesho na wenzake wawili, kwa sababu mzee mmoja peke yake ni mgeni tu.

Nikaongeza akili zangu mwenyewe. Kwanza, nikawanunulia sukari na majani ya chai, wasiingie mikono mitupu. Pili, nikawaomba waje baada ya swala ya Ijumaa, Aabo akiwa ametulia. Tatu, nikawaomba wasitaje mapema ni nani aliyewatuma.

Awoowe Dayib alinitazama kidogo kuhusu hiyo sukari, kisha akasema mimi ni mtoto aliyelelewa. Kusema kweli, nina kipaji.

Ijumaa, Agosti 8



Walifika kama tulivyopanga. Wazee watatu, kofia mpya, marashi mpaka barabarani, na mbele yao sukari yangu na majani yangu ya chai. Aabo akawakaribisha kwenye mikeka. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia la jikoni: Hooyo, Ayeyo, Idil na mimi.

Hooyo akaichungulia ile sukari. Kisha akanigeukia na uso ambao sijawahi kuuona.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wazee watatu hawaji Ijumaa na sukari na majani ya chai kwenye nyumba yenye msichana kuulizia hali ya hewa. Wanakuja kuposa. Kila mtu hapa Garissa anajua. Hata mimi najua. Nilijua tangu nazaliwa, na bado sukari niliinunua mwenyewe.

Na wazee wa kwetu hawaanzi na jambo. Jambo huja mwisho. Awoowe Dayib alianza na babu wa babu yangu. Akapita kwenye ukame, mmoja baada ya mwingine. Akasifu nyumba. Akamsifu Aabo kwa ngamia aliowatibu, na ngamia watatu akawataja kwa majina. Nusu saa. Kisha akaingia kwangu: adabu yangu, juzuu zangu, umri wangu.

Kwenye umri, Aabo akasimama.

Baba yangu Mahat, ambaye humsubiri hata ngamia amalize kutafuna, alimkata mzee maneno. Akasema wamsamehe, lakini yeyote aliyewatuma wamrudishie sukari yake. Akasema Warsan, ndiye mimi, ana miaka kumi na sita. Akasema anataka nisome mpaka vitabu viishe. Akasema mimi ndiye ninayemgongea mlango alfajiri, na asiposikia hodi yangu siku yake haianzi. Akasema hajamshiba mtoto wake. Sauti ikakatika hapo.

Hajamshiba mtoto wake. Nililia kwenye pazia. Hooyo alikuwa ameukamata mkono wangu, mifupa ikaniuma, na sikutaka auachilie. Ilinipasa nitoke na kusema ukweli. Sikutoka. Niliona haya, na kwa kweli nilitaka kusikia kama ataendelea.

Awoowe Dayib akaegemea fimbo yake. Kisha akasema, kwa uchungu wa mtu aliyevunjiwa heshima ya kazi, kwamba kwa miaka arobaini hajawahi kunyimwa kitu kabla hajakiomba. Wao hawakuja kuposa. Walikuja kwa ajili ya kompyuta. Msichana amewatuma mwenyewe.

Mzee mmoja akakohoa.

Aabo akaketi polepole. Akauliza, kompyuta tu? Akaambiwa kompyuta tu. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia, akasema aichukue, aichukue na meza yake.

Nilikuwa nimeshaanza kumrukia Idil kwa furaha pale sauti ya Hooyo ilipopita kwenye pazia, baridi. Wazee wametumwa kwa Mahat. Kwake yeye hajatumwa mtu.

Awoowe Dayib akafikiri, akasema hilo ni kweli. Wakanywa chai yao, wakaenda zao.

Jumamosi, Agosti 9

Siku ya mwisho. Abti amepiga simu mara mbili na sikupokea.

Nilikuwa na mpango wa kuzimia. Nilikuwa nimeshachagua mahali, kando ya godoro la Ayeyo, ili nisiumie. Hooyo alikuwa sakafuni akikunja madera ya kupeleka sokoni. Nikasimama mlangoni nikijiandaa kuanguka. Alinitazama, akasogea, akanipa nafasi. Nikakaa tu. Nilikuwa nimechoka na mipango. Nikachukua dera nikakunja.

Likanitoka lenyewe. Nikamwambia Hani siku hizi anazungumza na mimi kwa adabu. Nikamweleza mji wao, na kiwanja changu ambacho kila wiki naogopa atapewa mwingine. Nikamwambia tangu Hani aondoke, likizo ni ndefu na mimi ni mpweke.

Hooyo akaendelea kukunja. Kisha akasema yeye haogopi macho wala mitihani. Amemwona mama yake Kadar asubuhi hadi jioni akizungumza na mlango. Anabisha, anauliza kama mtoto amekula, mlango haujibu. Anaogopa siku ambayo na yeye atazungumza na mlango, na mimi niko ndani.

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Siku sita nilikuwa nampangia mama yangu mitego, na yeye alikuwa ananiogopea mimi. Nikamwambia Hooyo nisamehe. Akanivuta begani. Ananukia ubani siku zote, hata akitoka sokoni.

Amekubali. Kompyuta itakaa sebuleni, ubavuni pake, na saa tatu ya usiku inazimwa. Akampigia Abti mwenyewe, akamwambia ailete. Kisha akamgombeza robo saa kwa kunong'ona na mtoto nyuma ya mgongo wa mamake.

Jumamosi, Agosti 16

Kompyuta ilifika Jumatano kwa basi la Nairobi, imefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Ayeyo amesema anaziona zile taa, nyekundu na kijani, kwa hiyo dawa ya macho inafanya kazi. Hani aliponiona nimeingia mjini alipiga kelele mpaka Idil akaziba masikio. Akaniita mjinga na mchelewaji. Hakuna adabu hata kidogo. Nilifurahi nusura nilie.

Saa moja nzima ya raha. Halafu Hooyo, ambaye anakaa ubavuni kwa mujibu wa mapatano, akauliza ni mji gani huu usio na zizi la mbuzi. Tukajenga zizi. Akauliza ni nani aliyeweka kisima mbali na zizi. Hani akaomba radhi, akakihamisha. Akasema nimpe kipanya, kidogo tu.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Leo ni Jumamosi na sijarudishiwa. Mji una mazizi manne na soko. Hani akiingia sasa anamsalimia kwanza Eddo Bishara, yaani shangazi, ndiye Hooyo, na wanapanga njia za kupitisha mifugo. Mimi nakaa pembeni nakunja madera.

Dawa ni moja: Hooyo apate kompyuta yake mwenyewe. Lakini Aabo lazima akubali kwanza. Naweza kumwendea na kumwambia tu, kama nilivyofanya na Hooyo. Nimelifikiria, nimelikataa. Ile ilikuwa bahati, na mtu mwenye kipaji hategemei bahati.

Kwa hiyo nimeandika barua kutoka kwa Daktari Abdiwahid. Hayupo duniani, nimemtunga saa nane mchana. Anaonya kwamba watu wawili wakitumia kompyuta moja, mkubwa wao hupata ugonjwa mbaya wa ubavu na huhitaji kupewa haraka ya kwake. Muhuri nimechora kwa kalamu ya Idil. Aabo ni daktari wa ngamia, ya binadamu atayajuaje? Kesho asubuhi naiweka chini ya kikombe chake cha chai.