Kilomita 1,480 za Kumpokea Mama

Jumatatu, 4 Machi
Dada mkubwa kapiga simu kutoka ng'ambo. Mama kafanyiwa upasuaji wa jicho huko kwake. Umekwenda salama! Anarudi Alhamisi kwa ndege, peke yake, jicho limefungwa bandeji. Nimemshukuru Mungu. Nimelia kidogo, chooni, asinione mtu.
Kisha nikawaza: nani wa kumpokea? Mimi, mtoto wake wa kiume pekee. Si shemeji, yule fundi friji aliyemwoa mdogo wangu. Mama akimtaja hutabasamu meno yote nje.

Jumanne, 5 Machi
Mimi ni mpima viwanja. Umbali ndio unga wangu. Nimeweka rula kwenye ramani ya ofisini, kutoka uwanja wa ndege wa kule hadi wetu: kilomita 1,480. Ndege hukata mia nane kwa saa. Ongeza kupaa na kutua. Saa mbili na robo! Inaondoka kule saa nne asubuhi, basi itatua saa sita na robo.
Karani akauliza kwa nini nisimuulize dada tu. Nikamjibu mpima haulizi, anapima.
Jioni kaja shemeji kuulizia. Nimemwambia saa tano na robo. Hana subira, akikaa nusu saa bila spana mkononi anawashwa. Atachoka, ataondoka. Nami nitaingia kama bwana harusi.

Alhamisi, 7 Machi
Saa sita kamili nipo uwanjani. Shati limepigwa pasi mara mbili. Ukumbi mtupu.
Mfagiaji akasema ndege hiyo ilishatua zamani. Nikabishana. Nikamtajia kilomita zangu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nilikumbuka kwamba saa za kule ziko mbele ya zetu kwa saa moja.
Nilimwona mama akilini, jicho limefungwa, akipapasa ukuta. Mama yangu! Nikakimbia kila mlango, hata wa choo cha wanawake. Nikapiga simu nyumbani. Akapokea shemeji.
“Mbona unahema hivyo? Mama yuko hapa anakunywa chai. Ulisema saa tano na robo, ikatua saa tano na robo. Shemeji, wewe ni mtaalamu!”
Nikaketi kwenye toroli ya mizigo, nikashukuru kwa sauti. Mlinzi akaniomba nishuke.

Ijumaa, 8 Machi
Muuguzi kafungua bandeji. Mama akanitazama kwa muda mrefu. Kitu cha kwanza alichoona: nimefunga vifungo vya shati upogo. Anaona! Sijawahi kufurahia kukaripiwa hivi.
Akasimulia alivyoogopa ngazi za ndege, na mkono wa shemeji uliomngoja mlangoni. Akanishukuru mimi kwa kumtuma. Nilitaka kukiri. Nilifungua mdomo kabisa. Shemeji akaingia na maji ya dawa. Nikamkumbatia mpaka yakamwagika. Asante yangu ilikuwa ya kweli, tena kubwa kuliko alivyojua.

Jumapili, 10 Machi
Mama atarudi kule mwezi ujao kupimwa. Jicho ni zima, namshukuru Mungu, dada, daktari, hata yule mfagiaji.
Nimepiga hesabu upya. Tofauti ya saa moja sasa ninayo kichwani: nimeipunguza kwenda, nikaipunguza na kurudi, kwa usalama zaidi. Shemeji nimemwambia mama akirudi atatua Alhamisi. Atatua Jumatano.
Nadhani.