Nguruwe Wangu wa Utafiti

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimetoka kliniki hapa Muthetheni. Nesi anasema sukari yangu imepanda vibaya. Eti niache soda, niache mandazi, nimeze vidonge, nitembee. Nitembee kwenda wapi? Mke wangu Kamanthe amekwisha kuifungia sukari kabatini. Mimi, Musili, nichungwe kama mbuzi? Sikubali!

Lakini jioni amepita Mutheu, binti wa dada yangu. Ni mtafiti, yeye na wenzake wana nguruwe wao huko upande wa Konza. Anasema ndani ya nguruwe ni karibu sawa na ndani ya mtu: moyo, mishipa, kongosho. Wanawalisha mafuta na sukari waone ugonjwa kama wangu unaanzaje.

Hata mimi niko na nguruwe! Augue yeye kwanza, ndipo niamini.

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu. Kamanthe amefurahi kwamba hata Mungu yuko upande wa nesi. Nikamwambia nguruwe si Mkatoliki, hafungi, na utafiti hausubiri Pasaka. Akakubali! Amemkaangia mandazi karai zima. Soda nimenunua mwenyewe.

Mimi na nguruwe tumegawana kwa haki. Yeye moja, mimi matatu. Mtafiti ni nani? Vidonge nimesimamisha, visije vikaharibu matokeo.

Jirani yangu Ndunda amechungulia juu ya ua. Ameuliza ni nguruwe gani huyu anayepangusa mdomo kwa leso. Wivu mtupu.

Ijumaa, 7 Machi
Kumtoboa nguruwe sikio si mchezo. Ameniangusha kwenye tope, kisha akanikalia. Lakini tone la damu nimepata! Kipima sukari kinasema yuko sawa kabisa. Nimetangaza sokoni kwamba nesi ameshindwa. Watu wamecheka. Wacheke!

Kiu tu ndiyo inanisumbua. Na macho yana ukungu. Ni hili joto.

Jumanne, 11 Machi
Naandika nikiwa kitandani, hospitalini Machakos mjini.

Jumapili nilianguka bandani. Ndunda alinipakia kwenye toroli la samadi, akanisukuma hadi barabarani mbele ya waumini wote waliotoka misa. Aibu! Wanasema alikuwa akilia njia nzima, akiniita jina. Sikujua Ndunda hulia.

Leo Mutheu amekuja. Hakunifokea, na hiyo ni mbaya zaidi. Alisema, "Mjomba, wale nguruwe wetu tunawalisha miezi na miezi, na bado wanaivumilia sukari kuliko wewe. Tunafanya hivyo ili watu kama wewe wapone. Halafu wewe unaacha dawa unashindana nao kula?"

Kamanthe aligeukia dirisha. Akasema polepole kwamba mandazi yale aliyakaanga yeye kwa mikono yake. Nikashika mkono wake. Nikamwahidi vidonge nitameza, na nitameza.

Lakini Mutheu alisema jambo moja la maana kabla ya kuondoka: nguruwe mmoja hathibitishi chochote. Kweli kabisa! Kosa langu lilikuwa hilo tu.

Kamanthe alipotoka kuniletea uji usio na sukari, nilimpigia Ndunda. Anitafutie nguruwe wa pili huko Matuu, mkubwa. Ndunda amenitukana Kikamba na Kiswahili, kisha akakata simu.

Hajakataa. Huyo wa pili nitaanza naye kwa chipsi.