Gari Nyuma ya Jiko la Safia

Jumatatu, 3 Juni 2024

Jibu limefika. Bwana Jules wa Lubumbashi, mkusanyaji wa magari ya zamani, ameona tangazo langu kwenye simu. Atakuja Alhamisi kwa ndege. Nimelisoma tangazo tena. Halina kosa: "Gari la mwaka 1966, buluu, paa la turubai linalokunjwa. Limetunzwa vizuri. Halijanyeshewa tangu 1998."

Kweli tupu. Mwaka ule wa vita, watu wenye bunduki walichukua kila chenye magurudumu. Mimi na jirani yangu Waziri, fundi mwashi, tuliliingiza gari katika chumba cha nyuma, tukaziba mlango kwa matofali. Tuliacha tundu nyuma ya kabati. Kila Ijumaa baada ya sala napita humo kwa tumbo, napangusa, natia mafuta, nazungusha injini kwa mkono.

Tatizo ni moja. Mahali pa mlango ule sasa pana jiko la mke wangu.

Jumanne, 4 Juni

Nimemweleza Safia. Jiko lile la matofali alilijenga mwenyewe, kwa kuuza mikate ya kukaanga miaka mitatu. Aliendelea kugeuza mikate. Kisha akasema: "Baba Malaika, ukivunja jiko yangu, nitapikia juu ya kitanda yako."

Nimemwahidi jiko jipya, kubwa mara mbili, lenye bomba la moshi. Nimeiandika ahadi, nikatia sahihi. Amemfungia mteja mikate kwa karatasi hiyo.

Jumatano, 5 Juni

Waziri amekuja na nyundo. Ameitunza siri yangu miaka ishirini na sita, na kwa sababu hiyo amekula kwangu kila Ijumaa. Alikuwa na huzuni. "Mukubwa Soudi, gari ikitoka, Ijumaa nitakula wapi?" Nikamjibu kwamba ana nyumba.

Kufikia alasiri jiko lilikuwa lundo. Gari lilitoka likisukumwa na watu wanane. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Bibi mmoja akauliza kama hilo si gari lile lile alilolililia pamoja nami mwaka 1998. Nikamshukuru tena kwa machozi yake.

Safia amepika uani, juu ya mafiga, upepo ukimpiga. Hakunitazama. Sahani yangu ilikuwa na mchanga.

Alhamisi, 6 Juni

Bwana Jules alipiga magoti. Alinusa viti. Alikunja paa, akalikunjua, akalikunja. Alisema hajawahi kuona lingine kama hilo katika nchi nzima, atalipakia kwenye treni. Bei aliikubali bila kubishana. Nilimtazama Safia. Alianza kupima uwanja kwa hatua, jiko jipya likae wapi.

Ndipo mgeni akaomba hati. Nilikuwa nikilingoja ombi hilo. Nimekuwa karani miaka thelathini na mmoja. Nikampa faili, limepangwa kwa tarehe. Alisoma akitabasamu hadi ukurasa wa mwisho. Hapo tabasamu likaisha.

Ukurasa wa mwisho ni risiti ya 1998. Wale watu walipokuja kuulizia gari, niliwaambia wenzao wamekwisha kulichukua, tena bila kuacha maandishi. Nilililalamikia jambo hilo kwa muda mrefu, mpaka mkubwa wao akaniandikia risiti ili ninyamaze. Namba, rangi, yote yamo: "Limechukuliwa kwa mahitaji ya vita." Waziri alitia sahihi kama shahidi.

Bwana Jules aliuliza kwa adabu gari ni la nani. Nikasema ni langu. Akauliza ni hati gani inayosema hivyo, baada ya hii.

Ameondoka kwa ndege ile ile.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata njia. Kosa la karatasi husahihishwa kwa karatasi. Nimeandikia ofisi inayohusika: gari lililoandikwa kuwa limechukuliwa halikuchukuliwa, lipo nyumbani kwangu, naomba risiti ifutwe. Nakala tatu. Nimeambatisha mchoro wa njia.

Safia aliuliza kwa nini nisiichane tu ile risiti. Nilisikitika kusikia hayo kutoka kwa mke wa karani. Waziri alimuunga mkono, mdomo umejaa wali: "Hiyo karatasi njo ya kuwashia moto, Mukubwa. Na mama hana jiko."

Jumanne, 18 Juni

Ofisi imejibu upesi kuliko nilivyotarajia. Wamekuja maofisa wawili na dereva. Waliisifu barua yangu. Hakuna raia, walisema, aliyewahi kuripoti mali ya serikali kwa usahihi kama huo. Walinishukuru kwa kuitunza miaka ishirini na sita. Kisha wakaomba ufunguo.

Gari liliwaka. Wakaondoka paa limekunjwa.

Safia alikwenda uani. Alibeba mafiga yake, jiwe moja moja, akayaingiza katika chumba lilimokuwa gari. Akawasha moto. Anasema chumba hicho ni kikubwa mara mbili ya jiko la zamani, kimekosa bomba la moshi tu. Waziri ameshaanza kutoboa ukuta. Amealikwa chakula cha Ijumaa.

Mimi sikuweza kumsaidia Safia kubeba. Nilikuwa nimekimbia nyuma ya gari hadi kwenye kona, nikawasimamisha maofisa, nikadai risiti. Wameniandikia, tena hii ina muhuri. Ile ya 1998 haikuwa nao.

Nimeiweka kwenye faili, ukurasa wa mwisho.