Wakwe Wasichague Ng'ombe wa Mahari

Ndugu Mhariri,

Nakusabahi kutoka Ipililo, wilayani Maswa. Sisi watu hatujambo, anayeumwa ni zizi. Jumamosi wakwe watarajiwa wa mwanangu Salu wanakuja kuchagua ng'ombe wa mahari, nami naiomba serikali, kupitia gazeti lako, iwazuie. Kupokea wapokee. Kuchagua hapana. Sababu ni hizi:

1. Tangu enzi za babu, wakwe wetu huingia zizini wenyewe, wakabinya nundu, wakachungulia kiwele, na aliyekonda wakamkataa mbele za watu. Wanono wote wameishia kuolea mama zetu. Waliokataliwa ndio waliobaki wakazaana. Leo mgeni akiliona dume langu anauliza mbuzi huyu ni wa nani.

2. Nilidhani nimerogwa. Mganga alikula kuku wangu bure. Aliyenifumbua macho ni Mwalimu Yusta, anayefundisha biolojia sekondari na amepanga chumba kwangu. Anasema ndama hawazaliwi sawa: huyu mrefu, huyu mfupi, huyu mlafi, huyu anaridhika na mabua, na tofauti hizo hurithiwa. Mazingira humwondoa asiyeyaweza. Anayebaki ndiye anayezaa wa kufanana naye. Nikamuuliza, mazingira ndiyo nani? Akataja ukame, maradhi na malisho. Nikamwongezea wakwe.

3. Ukame ulipokuja, wanono waliokwenda kwa wakwe walianguka mmoja mmoja. Vibeti wangu walitafuna mabua ya mtama mpaka mvua ikarudi. Nilicheka, Mhariri, Mungu anisamehe. Sasa mzee Shija, baba wa binti, amezipata habari, na ametuma ujumbe kwamba hataki mnono hata mmoja. Anataka vibeti! Akiwachukua hao, nitabaki na walafi wachache niliowanunua mnadani Bariadi, na kiangazi kijacho nitachunga kwato.

4. Mwalimu anasema makundi yakitengana kwa vizazi vingi mno, kila moja likichujwa kivyake, mwisho huwa wanyama wa aina mbili wasiozaliana. Kwetu imeshaanza. Juzi joshoni dume moja nono lililosalia kwa wakwe lilimnusa mtamba wangu, likageuka likaenda zake. Mwalimu anadai lilikuwa limechoka tu. Mimi nina macho.

Kwa hiyo nashauri wakwe wafungwe vitambaa machoni, waingie zizini wakipapasa, na atakayeshikwa ndiye aende. Hapo wazuri na wabaya wataondoka kwa bahati yao. Ndoa hii naitaka, tena sana. Salu hali, halali, akimuwaza Domitila, binti wa Shija. Lakini naogopa. Zizi likifa, ukoo wangu utakula nini?

Nisalimie wachapaji, wauza magazeti, na akina mama wote wanaofungia maandazi gazeti lako.

Ni mimi, mwenye zizi linaloteketea,
Luhaga Nyanda

Tanbihi: Barua hii itoke Jumamosi alfajiri, isitangulie kabisa. Ijumaa nakwenda Kiloleli kuchagua ng'ombe wa mahari ya binti yangu Nyanjige, na nimeshaulizia ni wepi kati yao waliovuka ukame. Ndiye binti pekee niliye naye, Mhariri. Siwezi kumtoa kwa ng'ombe wa kupapasa.